Kadibodi Mbele ya Rejeta ya Bi Etelka

Jambo moja lieleweke mapema: Bi Etelka Barabás alikuwa dereva mzuri kuliko mimi. Wengi hapa Ross Coulee watakwambia yule mama aliiua injini yake mwenyewe kwa ukaidi. Waongo. Ila wasilaumiwe, maana uongo huo niliutunga mimi, Vern Odland, fundi wao wa miaka thelathini na minane, na walinunua kwangu wakiamini ni mali safi.

Bi Etelka alizaliwa kwenye mashamba ya biti za sukari, mtoto wa nne kati ya watano, wazazi wake wakiwa wametoka Hungaria na masanduku mawili. Alianza kupalilia biti akiwa mfupi kuliko jembe lake. Alipokua akaolewa na Lajos, mtu mpole asiyeongea, na yeye akaongea kwa niaba ya wote wawili. Kisha akawa mpishi wa shule yetu kwa miaka ishirini na sita. Wanangu wote wawili walionja ulimi wake kabla ya kuonja supu yake. Watoto hakupata. Katika ndugu watano wa tumbo moja wakabaki wawili tu, yeye na mdogo wake Gáspár, aliyeishi mji wa Lethbridge na kupiga kodiani kwenye harusi za watu. Kila Jumapili baada ya misa, Bi Etelka aliweka mkate wa mbegu za popi kwenye kiti cha abiria akamwendea huyo mdogo wake, kilomita sabini kwenda, sabini kurudi.

Gari lenyewe lilikuwa la Lajos. Walilinunua jipya mwaka sabini na moja, rangi ya kijani ya njegere za kopo, injini ya silinda sita zilizopanga foleni moja kutoka mbele hadi nyuma. Lajos alipofariki, watu wakamshauri auze, anunue kadogo kasikokunywa mafuta.

"Silinda nne?" alisema. "Nikitaka cherehani ninayo nyumbani."

Injini za aina ile ni ngumu kufa, lakini zina vituko. Kava ya juu huvuja oili kwa nyuma, mahali ambapo mkono wa fundi haufiki bila kuchubuka. Bomba la kukusanya moshi, kwa urefu wake, hupasuka katikati baada ya baridi za miaka mingi. Pampu ya maji huanza kudondosha tone moja moja, na tapeti, vile vidude vinavyosukuma valvu, zinataka kurekebishwa, la sivyo zinagonga. Kabureta nayo asubuhi ya baridi inataka kubembelezwa. Yote hayo Bi Etelka aliyajua kwa masikio tu. Angeingia gereji yangu, aache gari linaunguruma, asimame na pochi yake mkononi.

"Vern, tapeti ya nne inagonga."

"Ya nne? Umejuaje kama ni ya nne, Bi Etelka?"

"Kwani mkeo akikohoa unauliza ni nani?"

Nafungua kava, napima kwa kile kipande chembamba cha chuma, na ni ya nne kweli. Iliniudhi, nikwambie ukweli. Mtu umesomea kazi, halafu mpishi wa shule anakusahihisha mbele ya wateja.

Jambo moja tu ndilo nililomfundisha mimi. Nilimwambia, "Bi Etelka, injini hii itakuvumilia kwa kila kitu isipokuwa kuchemsha. Hedi yake, kile kifuniko kizito cha juu, ni ndefu. Ikichemka sana inapinda, gasketi iliyo chini yake inaungua kule nyuma kati ya silinda ya tano na ya sita, na hapo kazi imekwisha." Alilishika. Tangu siku ile hakutoka nyumbani bila kufungua boneti kutazama maji, hata akiwa na viatu vya kanisani.

Vuli ile ya mwaka tisini na tatu nilimshauri tubadilishe themostati, kile kidude kinachofungua maji ya moto yapite kwenda kupozwa kwenye rejeta.

"Inafanya kazi?" akauliza.

"Inafanya. Lakini ina miaka sita."

"Basi iache ifanye. Mimi nina sitini na nane, mbona hujasema nibadilishwe?"

Gereji nzima ikacheka, nami nikacheka. Kikombe cha kahawa alichokunywa siku hiyo alikiosha mwenyewe, kwa sababu vyombo vyangu alivionea kinyaa.

Januari ikaja na baridi yake. Alhamisi moja kipima joto kilisimama kwenye nyuzi thelathini chini ya sifuri, na Bi Etelka akaleta gari kwa sevisi: oili, tapeti, na kabureta iliyokuwa inakataa kuamka. Akalalamika pia kwamba hita inapuliza baridi tupu. "Naendesha huku meno yanagongana kama tapeti zenyewe," alisema. Akaniachia ufunguo akaenda kwa jirani.

Sasa, hapa kwetu dawa ya hilo kila mtu anaijua. Unakata kadibodi, unaichomeka mbele ya rejeta izuie upepo, injini inapata joto, na hita inapuliza joto. Lakini ina masharti yake. Unatoboa tundu katikati, la ukubwa wa kisosi, ili feni ivute hewa kidogo. Unaacha ukingo wa kadibodi utokeze nje ya grili uonekane. Na kama gari si lako, unafunga uzi mwekundu kwenye usukani, na unamwambia mwenyewe kwa mdomo wako. Masharti hayo yapo kwa sababu ya upepo wetu wa milimani, Chinook, unaoweza kuja asubuhi moja tu na kugeuza Januari kuwa Aprili. Ukikukuta na kadibodi mbele ya rejeta, unachemsha.

Nilikata kadibodi ya boksi la filta. Wakati nakata, mzee mmoja pale kwenye benchi alisema kitu cha kipumbavu kuhusu timu yangu ya hoki. Nikamjibu. Akanijibu. Nikaisukuma ile kadibodi ndani kabisa kati ya grili na rejeta, bila tundu, bila ukingo, huku nimegeuza shingo nabishana. Uzi mwekundu ulikuwa umening'inia kwenye msumari, hatua mbili kutoka nilipo. Bi Etelka alipokuja nilimpa ufunguo, nikamwambia tapeti zimekaa sawa, na nikarudi kwenye ubishi wangu. Naona haya hata kuandika. Goli lenyewe tulilokuwa tunabishania silikumbuki.

Jumamosi asubuhi niliamka nikasikia matone yanadondoka kutoka kwenye paa. Upepo ulikuwa umefika. Kufika saa tatu tulikuwa nyuzi tisa juu ya sifuri, maji yanatiririka barabarani, watu wametoka nje bila makoti kama wehu. Nilitoka nikachomoa kadibodi kwenye gari langu mwenyewe. Nikaichomoa na kwenye gari la mke wangu. Nikaingia ndani nikanywa kahawa. La Bi Etelka halikunijia kichwani hata kidogo.

Saa tatu hiyo hiyo hospitali ilikuwa imempigia simu. Gáspár, aliyelazwa wiki nzima kwa mapafu, alikuwa anaondoka duniani. Wakamwambia aje sasa hivi. Alivaa koti akatoka. Maji hakuyatazama asubuhi ile, na alikuja kunieleza hilo baadaye kama mtu anayeungama dhambi kubwa. Angetazama asingeona chochote. Maji yalikuwa tele.

Akashika njia ya magharibi, uso kwa uso na ule upepo, injini inavuta kwa nguvu. Nusu ya safari sindano ya joto ikaanza kupanda. Na sikiliza alivyofanya: alipunguza mwendo, akafungua hita yote, akashusha vioo, ili joto la injini litokee ndani ya gari. Ndivyo fundi mzuri angefanya. Sindano ikashuka kidogo, ikapanda tena. Akajua kabisa kwamba anapaswa kusimama, akajua pia kwamba Gáspár hamsubiri. Akaendelea. Kilomita ishirini na mbili kabla ya Lethbridge moshi mweupe ukatoka nyuma, injini ikapoteza nguvu, ikazima.

Alisimama kando ya barabara dakika arobaini na tano mpaka dereva wa lori la biti alipomchukua. Alipoingia wodini, Gáspár alikuwa amefariki dakika kumi kabla. Nesi akamwambia alikuwa anauliza dada yake amefika wapi.

Mimi ndiye niliyeenda kulivuta gari. Nilikuwa peke yangu. Nilifungua boneti, nikainama kuchungulia mbele ya rejeta, na nikaiona ile kadibodi, imekaa pale nilipoiweka, pembe zimelowa. Mungu wangu! Nikaketi kwenye bampa. Magari yalikuwa yanapita, na kila lililopita nilidhani litasimama. Halikusimama hata moja. Nikaichomoa, nikaikunja, nikaificha chini ya kiti cha gari langu la kuvuta, na nilipofika gereji niliitia kwenye jiko la kuni kabla hata sijavua glavu.

Baada ya maziko Bi Etelka alikuja gereji. Alikuwa amevaa nguo nyeusi, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue aliongea polepole.

"Ilikuwa nini, Vern?"

Ningeweza kusema. Hapakuwa na mtu mwingine, hata yule mzee wa hoki hakuwepo. Nilifuta mikono kwa kitambaa, nikaifuta tena, ingawa ilikuwa safi.

"Themostati," nikasema. "Ile niliyokwambia vuli."

Akatikisa kichwa taratibu. "Ile niliyokataa."

"Ndiyo."

"Na ningesimama sindano ilipopanda, ingepona?"

"Ingepona, Bi Etelka. Ungesimama dakika thelathini, ungeongeza maji, ungefika."

Alishika ukingo wa meza yangu ya kazi. "Dakika thelathini," alisema. "Ningemkuta." Halafu, jamani, akaniomba radhi. Aliniomba radhi mimi, kwa kuharibu injini niliyoitunza miaka yote ile! Nikamwambia asijali. Ndivyo nilivyomjibu. Asijali.

Nilifungua hedi. Ilikuwa imepinda, na gasketi imeungua palepale, kati ya tano na sita. Niliipeleka ikasawazishwe, nikaweka gasketi mpya, pampu mpya, mipira mipya, na themostati mpya, ingawa ile ya zamani niliijaribu kwenye sufuria ya maji ya moto ikafunguka vizuri kabisa, mara tatu. Ile kazi niliifanya kwa unadhifu ambao sijawahi kuufanya kabla wala baada. Aprili nikampelekea gari. Lilikuwa linaunguruma laini, huwezi kujua kama linawaka.

Hakuliendesha. Alilifunika turubai kwenye banda, akawa anakwenda kanisani kwa miguu. Wanawake wa parokia walipojitolea kumpeleka makaburini Lethbridge alikubali mara moja moja, akikaa kiti cha nyuma kama mgeni. Dukani akikutana na watu alikuwa anajisema mwenyewe kabla hawajamsema: "Mimi ndiye mjinga niliyeokoa themostati nikapoteza ndugu." Watu wakalipokea hilo wakalirudia. Vijana wa gereji nyingine waliligeuza mzaha, mteja akikataa ushauri wao walimwambia, "Haya, ufanye kama Etelka." Nilimsikia mmoja akisema hivyo kwenye mkahawa, nikanyanyuka nikamkaba kola. Mke wangu alishangaa. "Una nini wewe?" aliniuliza njiani. "Wamekutukana wewe?" Nilikuwa nimemkasirikia kijana wa watu kwa kosa langu mimi.

Miezi kumi na sita nilikaa hivyo. Kila nikimwona anatembea barabarani na mfuko wake wa sokoni nilikuwa nasimamisha gari, naomba nimbebee, na kila akikubali roho inanisuta zaidi. Nilijiambia nitasema Pasaka. Nikajiambia nitasema baada ya mavuno. Mtu mzima ovyo kabisa.

Mwezi Mei wa mwaka uliofuata akanipigia simu niende. Nilimkuta bandani, turubai limekunjwa kando, gari limeoshwa. Alinipa ufunguo.

"Lichukue."

"Linataka sevisi?"

"Lichukue liwe lako. Mimi sitaendesha tena, na wapwa wa Lajos wataliua kwa wiki moja. Wewe umelihudumia miaka yote bila kosa. Nani mwingine nimpe?"

Bila kosa. Nilishika ule ufunguo, bado una kile kipande cha ngozi alichokishona Lajos. Nilijaribu kusema asante.

"Haikuwa themostati," nikasema.

"Nini?"

"Themostati ilikuwa nzima. Ilikuwa kadibodi. Niliweka Alhamisi ile, ulipolalamikia hita. Sikutoboa tundu, sikufunga uzi, sikukwambia. Niliikuta barabarani siku ile ile nikaichoma jikoni kwangu."

Bi Etelka, aliyekuwa anakatiza hata mapadri, alinisikiliza mpaka mwisho, akaenda kutazama grili.

"Kadibodi nzima?" akauliza.

"Nzima."

"Hata kama ningesimama nikaongeza maji, ingechemka tena."

"Ingechemka tena baada ya kilomita chache. Usingefika kwa vyovyote."

"Lakini wewe uliniambia ningefika."

"Nilikuambia."

Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Uso ulimwiva mwekundu, na nilidhani atanipiga, ningeshukuru angenipiga. "Miezi kumi na sita," akasema, "kila usiku kabla sijalala, nimekuwa namwomba Gáspár radhi. Namwambia, nisamehe ndugu yangu, nilikuwa bahili na mkaidi. Kila usiku, Vern! Kwa kosa lako!"

"Najua."

"Hujui! Wewe ulikuwa unalala!"

Nilitaka kumwambia kwamba nami sikuwa nalala. Nikameza. Hata hilo lingekuwa kumwomba anionee huruma.

Akasimama, akanipokonya ufunguo, akafungua mlango wa dereva. Nilidhani ananifukuza, nikageuka kuondoka.

"Unakwenda wapi? Panda."

Nilipanda upande wa abiria. Alipowasha, gari likagoma mara moja, likawaka mara ya pili. Alilitoa bandani kinyumenyume bila kutazama kioo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani, akashika njia ya magharibi. Tulipopita mahali gari lilipozimika alikaza macho mbele, nami nikatazama magoti yangu. Sindano ya joto ilikaa katikati haitikisiki.

Makaburini alisimamisha gari nje ya geti, akaacha injini inawaka.

"Mstari wa tatu, upande wa uzio," akasema. "Jiwe la kijivu lenye mchongo wa kodiani. Nenda kamwombe wewe sasa. Mimi nimechoka."

"Bi Etelka, mimi sikumjua..."

"Yeye pia hakukujua. Nenda."

Nikashuka nikaenda. Nililiona jiwe. Nilivua kofia nikasimama pale na mikono yangu ya fundi, mtu mwenye umri wa miaka hamsini na mitatu, sijui pa kuanzia. Mwishowe nikaanza na jina. "Mimi ni Vern Odland," nikamwambia. "Ni fundi wa dada yako. Uliuliza amefika wapi. Alikuwa njiani, alikuwa anakuja kwa kasi yote aliyoweza, na mimi ndiye niliyemzuia." Yaliyofuata sikuyasema vizuri, maana nilikuwa nalia, na mimi si mtu wa kulia.

Niliporudi garini hakuniuliza nimesema nini. Alingoja nifunge mlango, akaingiza gia, akatuendesha mpaka Ross Coulee, akanishusha mbele ya gereji. Jumapili iliyofuata, baada ya misa, nilimwona akipita peke yake kuelekea magharibi, na zilizofuata pia. Gari bado analileta kwangu kwa sevisi. Anasimama mlangoni na pochi yake, ananiambia ni tapeti ya ngapi, na kahawa yangu hainywi tena. Kama amenisamehe, mpaka leo hajasema, nami sijamuuliza.